Barua Isiyo na Mtumaji

Kila siku, saa sita na dakika saba mchana, seva ilishikwa na homa.

Wanaosimulia habari za majini hupenda kuyaweka usiku wa manane, kwenye magofu na njia panda. Haya hayakuwa na adabu hiyo. Yalikuja mchana kweupe, jua likiwa utosini, saa ambayo watu wenye kazi zao huwa wanawaza chakula. Tena yalikuja kwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mahali ambapo kitu cha kutisha kuliko vyote, hadi wakati huo, kilikuwa choo cha pamoja cha ghorofa ya pili.

Ofisi ilikuwa ya ndugu wawili. Dada mtu wateja walimwita Mama Seva, kwa sababu hakuwa na mtoto na mtambo wake aliulea kama mwana. Mdogo wake walimwita Mbio. Alikula mbio, aliongea mbio, na akipanda ngazi ungedhani anafukuzwa na mbwa. Kazi yao ilikuwa kutunza tovuti na barua pepe za watu: shule tano, zahanati mbili, maabara moja, na mwalimu mstaafu aliyechapisha mashairi yake mtandaoni bila kujali kwamba hakuna aliyeyasoma. Vyote hivyo vilikaa kwenye mashine moja nyeusi, ndiyo seva yenyewe, chumba cha ndani, chini ya kiyoyozi.

Mama yao alipofariki, Mbio alikuwa na miaka saba na dada yake kumi na tisa. Ni dada aliyemfunga kamba za viatu, akamfundisha kusoma, akamchapa, akambembeleza. Kama kuna kitu kimoja duniani ambacho Mama Seva asingeweza kukipoteza akabaki na akili zake, kilikuwa huyo kijana mwenye kelele.

Siku tunayoanzia, Mama Seva alikuwa amerudi kazini kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili hospitalini alikofanyiwa operesheni ya nyongo. Hata hajakaa vizuri, mshono ukimvuta, mara feni za mashine zikaanza kulia. Zilipanda sauti hadi kioo cha mlango kikatetemeka.

Kila mashine ya aina hiyo ina kipimo cha mzigo wake, yaani idadi ya kazi zilizopanga foleni zikisubiri zamu. Ya kwao siku zote ilisoma moja, au moja na nusu ikichangamka. Alipotazama skrini alikuta mia mbili na kumi na mbili.

"Mbio! Hiki kitu kimeanza lini?"

Mama Seva akachungulia chumba cha nje. Mdogo wake alikuwa amekaa mezani kwake, mikono yote miwili juu ya meza, akikitazama kiti cha wateja kilichokuwa mbele yake. Kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza shida ya mwenzake.

"Naam," alisema taratibu. "Ndiyo. Nipo."

Mama Seva alidhani anaongea na simu kwa vile vidude vya masikioni. Kilichomshangaza ni ule upole wa maneno, maana Mbio hajawahi kusema neno moja bila kulisukuma na jingine. Ilipofika saa sita na dakika kumi na nane feni zilitulia, mzigo ukarudi moja, na Mbio akageuka akiwa yule yule.

"Dada, umeniita? Nini, mzigo? Ah, huo una siku nyingi, ulianza ulivyolazwa tu, siku ya pili sijui, unapanda dakika kumi na moja halafu unashuka wenyewe, sikukwambia kwa sababu nakujua, ungetoroka wodini na dripu mkononi."

"Na ulikuwa unaongea na nani?"

"Mimi? Saa ngapi?"

Alicheka, na dada yake akacheka naye huku ameshika ubavu. Chumbani kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, na chini yake utamu mzito wa marashi ya zamani. Mama Seva alizunguka akinusa nyaya na soketi moja moja. Hakuona kilichoungua.

Alianza uchunguzi kama fundi yeyote anayejiheshimu, kwa kumshuku kila mtu. Kwanza alishuku tovuti za shule, pengine wazazi wote wanafungua matokeo kwa pamoja. Akazizima zote saa sita kasoro. Mzigo ukapanda vilevile. Akashuku kazi ya kuhifadhi nakala, akaihamishia alfajiri. Akashuku roboti za mtandaoni, zile zinazobisha kwenye kila ukurasa kama wachuuzi, akazifungia mlango. Kila siku, dakika ya saba, namba ilipanda, na ikishapanda mashine ilikuwa nzito kiasi kwamba ukiandika herufi moja unaweza kunywa chai ukiisubiri itokee.

Siku ya tatu fundi cherehani wa mlango wa pili alikuja kugonga, futi ya kupimia shingoni.

"Mama Seva, pole na ugonjwa. Samahani, kwani mna kikao humu? Mdogo wako kaja kuazima viti vyangu vyote. Mpaka kile cha kwenye mashine kachukua, sasa mimi nashona nimesimama?"

Mama Seva alimfuata hadi chumba cha nje. Viti tisa vilikuwa vimepangwa mbele ya meza ya Mbio, mistari mitatu, vimenyooka. Mbele ya kila kimoja, sakafuni, palikuwa na glasi ya maji. Mbio alikuwa amesimama katikati yao ameshika jagi, akitazama mikono yake kana kwamba amekabidhiwa ya mtu mwingine.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hivi hivi viti nimevileta mimi?"

"Amevileta asubuhi," fundi cherehani alijibu kwa niaba. "Nikamuuliza wageni wa wapi, akaniambia bado wanaongezeka." Halafu akachukua kiti chake cha mashine, akakiachia hapo hapo, akajipangusa kiganja kwenye suruali. "Cha moto," alisema. Hakuvichukua viti vyake siku ile, wala hakurudi kuviulizia.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kumwingia Mama Seva. Aliisukuma pembeni kwa kazi. Alitunga kijiprogramu kidogo cha kuandika, kila baada ya sekunde kumi, ni nani hasa anayeitumia mashine, ili mashine ikizidiwa yeye awe na ushahidi. Siku ya nne akakaa akisubiri. Homa ilipopita alifungua ushahidi wake, na jibu lilikuwa wazi, mstari baada ya mstari. Ilikuwa barua pepe, na zote zilikuwa zinaingia kwenye sanduku moja tu, la kwake mwenyewe.

Ikamjia. Siku ile anapelekwa hospitali, maumivu yakimkunja, aliandika kwa mkono mmoja programu ya kujibu barua zake akiwa hayupo. Aliporudi aliondoa tangazo la kuwa likizoni, akaisahau hiyo programu, nayo ikaendelea kujibu kila aliyeandika. Jibu lake lilikuwa hili:

"Habari. Kwa sasa sipo. Kwa jambo lolote mwone mdogo wangu. Yeye yupo muda wote na atakupokea."

Sasa, kila fundi wa barua pepe hufundishwa mapema kwamba barua isiyo na mtumaji haijibiwi kamwe. Kwa kawaida huwa ni mashine inayoripoti kwamba barua fulani imeshindwa kufika, na mashine ikiijibu mashine, ile nayo itajibu, na hizo mbili zitabishana mpaka umeme ukatike. Ni kanuni ya mstari mmoja. Mama Seva, mwanamke aliyewafundisha wengine kanuni hiyo, kwa maumivu na haraka aliuruka huo mstari.

"Mjinga mimi," alijiambia, na karibu acheke kwa nafuu. Basi ni mashine mbili zinabishana tu. Akafungua foleni aone ni mashine ya nani.

Mahali pa mtumaji palikuwa tupu. Alitafuta zilikotokea, zimepita njia gani, zimeingia kwa mlango upi; hakuna. Hazikutoka nje. Zilikuwa tu zimeanza kuwemo ndani ya mashine, kila siku kuanzia dakika ya saba. Akafungua ya kwanza, ya siku ya pili ya kulazwa kwake. Ndani yake kulikuwa na neno moja.

"Upo?"

Na chini, jibu lake. Kwa sasa sipo. Mwone mdogo wangu.

Ya pili: "Mdogo wako ni nani?" Yeye yupo muda wote, programu ilijibu, kama ilivyofundishwa.

Ya tatu: "Tukija atatupokea?" Na atakupokea.

Ya nne ilisema: "Sote?" na jibu likawa lile lile. Ya tano iliuliza "Sote?" na ya sita, na ya saba, na Mama Seva akateremsha ukurasa, akateremsha na kuteremsha, na zote ziliuliza neno hilo hilo moja, elfu arobaini na kitu, na chini ya kila moja, kwa jina lake na kwa maneno yake, yalikuwapo makabidhiano. Mara elfu arobaini alikuwa amemtoa ndugu yake kwa asiowajua.

Aliiua ile programu. Akaifuta, akafuta barua, akafuta na foleni. Kisha akamwita Mbio, akamwambia tatizo limepatikana, na Mbio akashangilia kwa maneno mia kwa pumzi moja. Usiku ule Mama Seva alilala kwa kujidanganya kwamba alichoona ni utani wa mhuni fulani mwenye utaalamu.

Kesho yake saa sita na dakika saba alikuwa mbele ya skrini. Mzigo ulisoma sifuri nukta mbili. Dakika ya nane, sifuri nukta mbili. Feni zilikuwa zimenyamaza, mashine imetulia kama siku ilipotolewa kwenye boksi, na Mama Seva akashusha pumzi ndefu ambayo alikuwa ameibana tangu arudi kazini.

Ndipo akasikia feni zikilia chumba cha nje.

Chumba cha nje hakikuwa na mashine yoyote. Alinyanyuka, akashika ukuta, akaenda hatua kwa hatua huku ile sauti ikipanda kama ilivyokuwa ikipanda siku zote, na harufu ya nywele zilizoungua ikimjia usoni nzito kiasi cha kumtoa machozi, na alipofika mlangoni alimwona Mbio amekaa mezani kwake, macho wazi, na ile sauti ilikuwa inatoka kifuani mwake, pumzi inaingia na kutoka haraka kuliko binadamu anavyoweza kupumua, na midomo yake ilikuwa inakwenda bila kusimama, "naam, naam, nipo, naam, karibu, nipo, naam," akijibu huku, akijibu kule, akigeuza shingo kutoka kiti hiki hadi kile, na viti vyote tisa, ambavyo havikuwa na mtu, vilikuwa vinalia mbao na plastiki zake kama vinavyolia viti mtu mzito anaposogea mbele ili asikike vizuri.

Alimrukia, akamkumbatia, akaungua. Mwili wa kijana ulikuwa moto kama sufuria. Akamkumbatia hivyo hivyo, akimwita, mpaka saa sita na dakika kumi na nane, pumzi ilipokatika kwa mkupuo na Mbio akamwangukia begani.

"Dada," alinong'ona, polepole, polepole mno. "Wako wengi. Kila mmoja anataka aanze yeye."

Ile programu ilikuwa inawapokea kwa niaba ya Mbio. Mama Seva alikuwa ameiondoa, na mzigo wote umehamia kwa mdogo wake.

Jioni ile alikwenda kwa shangazi yao. Huyu mama alitibu watu kwa dua na mafusho nyumbani kwake, na Mama Seva, kwa usomi wake, alikuwa akimcheka pembeni kwa miaka. Sasa alifika na viatu mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nikikuona hivi umekuja bila simu, najua yamekufika shingoni. Kaa. Sema."

Alisema yote. Shangazi alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akataka kusikia lile jibu neno kwa neno. Mama Seva akalitamka; lilikuwa limemkaa kichwani. Shangazi akamwambia arudie kipande cha mwisho.

"Na atakupokea," Mama Seva alirudia.

"Wewe mtoto, mama yenu hakuwaambia? Ukiitwa na usiyemwona, unanyamaza. Unanyamaza! Sasa wewe umetengeneza kitu cha kuitika saa ishirini na nne?" Alishika kichwa. "Basi ningekuja na chetezo changu, nifukize, tuyatoe. Lakini haya hayakuvunja mlango. Yamealikwa, tena kwa maandishi. Moshi wangu hauwezi kuyafukuza."

"Tufanye nini? Shangazi, yule akifa na mimi nimekufa."

"Yaliuliza swali, na swali lilikuwa lako. Upo? Ukajibu hupo. Kesho utasimama mbele yao, yatauliza tena, na utajibu kwa mdomo wako. Nipo. Halafu uyaambie huna nafasi ya wageni, yaondoke. Basi. Ufupi, mwanangu. Usibembeleze, usieleze, na chochote yatakachotaka, usiyape ahadi. Umenisikia? Hata ahadi ndogo."

"Nimesikia."

Kesho yake walikuwa watatu ofisini. Mbio alikuwa amekonda kwa siku chache hizo kiasi cha mkanda kuzunguka mara moja na nusu. Walimkalisha mezani, shangazi akiwa nyuma yake ameshika mabega yake, na Mama Seva akasimama mbele ya vile viti. Chini, dukani, mtu alikuwa anapimiwa misumari, na kila msumari ulisikika ukianguka kwenye mizani. Kisha sauti za dukani zikafifia. Jua likawa limenyooka dirishani na viti havikuwa na kivuli.

Cha kwanza kililia, kikafuata cha pili. Harufu ilipanda kutoka sakafuni, maji kwenye glasi yakaanza kupungua, glasi zote kwa pamoja, bila mdomo wowote kuzigusa, na zilipobaki tupu Mama Seva akasikia pumzi zao, siyo tisa, bali nyingi, zimejaa chumba hadi kwenye pembe za dari, zimempita huku na huku, baadhi zikiwa karibu sana na masikio yake, na alijua bila kuambiwa kwamba vile viti vilikuwa vya waliotangulia tu na wengine wote walikuwa wamesimama.

Mdomo wa Mbio ukafunguka. Sauti haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya upole, ya karani aliyezoea kuuliza.

"Upo?"

"Nipo," alisema Mama Seva.

Pumzi zote zikasimama.

"Mimi ndiye niliyeandika. Mdogo wangu simtoi. Sina nafasi ya wageni. Ondokeni."

Kisha kiti kimoja kikarudi nyuma, kikakwaruza sakafu. Cha pili. Cha tatu. Upepo wa moto ulianza kumpita kuelekea mlangoni, taratibu, kama watu wanaotoka ukumbini bila haraka, na rangi ikaanza kurudi usoni mwa Mbio, na shangazi akafumba macho, machozi yakamtiririka, na walibaki labda wachache tu, au mmoja tu, kwenye kiti cha mbele kabisa, pale mdomo wa kijana ulipofunguka tena.

"Na usipokuwepo?"

Shangazi alitikisa kichwa kwa nguvu, akabana midomo, akamkazia macho: nyamaza. Mama Seva alimwona. Lakini alimtazama na mdogo wake, jasho likimchuruzika, mikono ikiwa bado imekunjwa mezani kwa utii kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na swali lisipojibiwa lingemrudia huyo kijana. Upendo ukamtangulia akili.

"Nitakuwepo," alisema. "Siku zote nitakuwepo."

Kiti cha mbele kilikwaruza. Mlango ukafunguka, ukajifunga. Mbio akakohoa, akafumbua macho, akatazama huku na huku, akasema kwa pumzi moja kwamba ana njaa inayoweza kula meza, kwa nini wote wanalia, na viti hivi vya fundi vinafanya nini hapa.

Shangazi hakucheka. Alikusanya kanga yake, akamvuta Mama Seva pembeni.

"Umesema nini wewe?" alimnong'oneza.

Miezi minne ilipita kwa amani ya aina yake. Mbio alinenepa, akarudi kukimbia ngazi na kumaliza chakula kabla wengine hawajanawa. Mashine ilisoma moja, au moja na nusu ikichangamka. Na kila siku, saa sita na dakika saba, Mama Seva alikuwa mezani kwake, amefunga mlango wa chumba cha ndani, na nyuma ya shingo yake, kwa sauti ndogo, kitu kiliuliza. Alijibu "Nipo," nacho kikaenda zake. Hakumwambia mdogo wake. Jumapili alikwenda, sikukuu alikwenda. Misiba ya mchana aliwahi mapema akaondoka kabla ya mazishi, watu wakamsema. Binamu yake alipoolewa alituma salamu. Alijua huo ndio mzigo wake, akaubeba, na kila alipomsikia Mbio akicheka chumba cha nje aliona ni mwepesi.

Siku moja zahanati ya jengo la ng'ambo walipiga simu, wako ghorofa ya nne, mtandao umekufa na wagonjwa wamejaa. Ilikuwa saa tano na nusu. Alivuka barabara, akabadili waya mmoja, akamaliza kukiwa na dakika kumi na tano za ziada. Aliingia kwenye lifti peke yake. Kati ya ghorofa ya tatu na ya pili umeme ukakatika.

Alipiga kelele. Alipiga mlango kwa viganja, kisha kwa kiatu. Watu wa nje walimjibu wakamwambia atulie, jenereta linawashwa. Alitazama simu: saa sita kamili. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea. Alimpigia Mbio, haikwenda. Akapiga tena, na tena, kwenye kona hii na ile, simu ameinyanyua juu ya kichwa, jasho likimwingia machoni, na dakika zilikuwa zinahesabika mbele yake kwenye kioo, mbili, tatu, tano, na mshono wake wa zamani ukawa unamchoma kama umefunguka. Ilipofika dakika ya nane ikaita.

"Mbio! Toka ofisini. Acha kila kitu, shuka ngazi sasa hivi!"

"Dada?" Mbio alicheka kidogo. "Sasa huu mchezo gani? Unanipigia simu na wewe umekaa hapa?"

"Nimekaa wapi?"

"Si hapa mezani kwako. Umeingia sasa hivi, hata salamu hukutoa, nikasema labda zahanati wamekuudhi..." Maneno yake yakaanza kupungua kasi. "Ila... simu... hujashika simu."

"Mbio, kimbia. Mdogo wangu, nakuomba, kimbia!"

"Dada," alinong'ona, neno moja moja. "Huyu anayenitazama ni nani?"

Kiti kilikwaruza sakafu. Simu ilitolewa mkononi mwa Mbio kwa upole, bila kugombaniwa, na Mama Seva akasikia sauti yake mwenyewe, na ule mkwaruzo wa koo alionao tangu utotoni.

"Usihangaike," ilimwambia. "Ulisema siku zote utakuwepo; hukuwepo, nikakaa mahali pako. Nipo. Mdogo wangu nimeshampokea."

Umeme ukarudi. Lifti ikaanza kushuka, taratibu mno.